Mwosha Maiti na Muuza Maji

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika nchi ya Yemeni, kwenye mji mdogo wa majabalini ulioitwa Sumara, aliishi mja mwema wa kike jina lake Bi Tahiya binti Wahbani. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Wako wanaopenda kusimuliwa wafalme na farasi wao. Wafalme wana wasimulizi wa kutosha. Mimi nasimulia huyu mwenye ubao wa kuoshea na kata ya kumiminia maji, na kwa ajili yake natembea kifua mbele kuliko kwa ajili ya sultani yeyote.

Mji ule ulikuwa na kisima cha wakfu. Mwanamke mmoja mwenye mali alikichimbisha zamani kwa ajili ya Mungu, kila mtu achote, tajiri kwa masikini, bila kulipa. Maji yake yalikuwa baridi na matamu, na watu waliyanywa tangu kuzaliwa hadi kufa bila kuyafikiria, kama tusivyofikiria pumzi.

Katika mji huohuo alikuwako mfanyabiashara, Shakrani bin Hadirami, aliyejenga birika kubwa nyuma ya nyumba yake la kukinga maji ya mvua, awauzie watu. Lakini nani anunue maji na kisima kipo mlangoni? Birika likakaa likiota ukungu, na Shakrani akakaa akilitazama.

Ukaingia msimu wa homa. Homa ilikuja kila mwaka, ikachukua iliowachukua, ikaenda zake. Mwaka ule ilichukua wanawake kadhaa kwa kufuatana, na mji ukaingiwa na simanzi. Hapo Shakrani akauona mlango wake. Hakupiga kelele sokoni, maana mtu wa namna ile hapigi kelele. Alikaa barazani, akimwita mpita njia kwa upole, akimuuliza habari za watoto, kisha akiteremsha sauti. Wote waliokufa, alisema, walikuwa wakinywa maji ya kisimani. Hilo lilikuwa kweli. Na walio hai walikuwa wakinywa wapi? Hakuna aliyeuliza. Akaendelea kusema kwamba maiti zao zilikutwa na mabaka ya kijani mgongoni. Msikilizaji akishtuka, Shakrani alimwambia:

"Kamuulize mwosha. Kama ninaongopa, si atakanusha?"

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Alijua, kama kila Mwislamu ajuavyo, kwamba mwosha maiti ni mwenye amana. Anachokiona chini ya shuka hatoki nacho mlangoni, kiwe kizuri au kibaya. Na alijua Bi Tahiya ni mtu wa namna gani. Basi akakichukua kimya cha mwanamke mwaminifu, akakifanya shahidi wa uongo wake.

Watu wakaenda. Bi Tahiya akawajibu kila mmoja neno lilelile, "Nilichokiona ni amana." Wakarudi mbio kwa wenzao wakasema, mmeona, hakukanusha. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa na mabaka ya kijani.

Jirani yake, Bi Suada, mwanamke mwenye ulimi usiolala, alikuja kivyake. Alikaa mkekani, akasifu uji, akazunguka na habari za watu, kisha akamsogelea.

"Dada yangu, mimi sikwambii useme. Usiseme. Nikonyeze tu."

"Nikikukonyeza leo kwa ajili yao," alisema Bi Tahiya, "siku yako ya kufa ikifika watu watakonyezwa kwa ajili yako."

Bi Suada akaaga bila kuuliza tena. Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kumkaa. Alikwenda akauza sinia lake la shaba, la harusi yake, akanunua maji ya Shakrani.

Hata kadhi wa mji, mtu mcha Mungu, alimwendea. Alimwambia kwa adabu kwamba wanazuoni wameruhusu mwosha kuyataja mema aliyoyaona. Ikiwa miili ile haikuwa na baya, aseme tu hivyo, watu watulie.

"Kadhi wangu," akajibu Bi Tahiya, "leo nikisema fulani alikuwa safi, mji utafurahi. Kesho ataletwa mwingine mwenye aibu yake, nitanyamaza, na kule kunyamaza kutakuwa kumemvua nguo. Kimya changu kiwe kimoja kwa wote, au si kimya."

Kadhi aliinamisha kichwa, akakiri kwamba amenena haki. Tangu siku hiyo akawa anakunywa maji ya kisima hadharani, akitoka kuswali. Watu wakasema yule ana dua zake. Bi Tahiya naye alikunywa mbele yao kila asubuhi. Wakasema mwili wa kikongwe ni gogo kavu, sumu haioni pa kushika. Ndivyo hofu inavyohesabu mambo yake. Ukifa, wewe ni ushahidi. Usipokufa, unatafutiwa sababu.

Shakrani akaneemeka. Viriba vyake alivifunga mdomo kwa uzi wa kijani, na ikawa watu hawaulizi tena maji, wanauliza uzi. Mwanamke akialikwa chakula, kabla ya kukaa alitupa jicho pembeni aone kama kiriba cha nyumba ile kina uzi. Asiyekuwa nao alionekana hawapendi wanawe. Watu wakauza vyombo, wakauza mbuzi, wakanywa maji ya ukungu na kumshukuru Mungu kwa usalama.

Lakini hofu haimtoshi anayeiuza. Shakrani alikuwa na ubani ghalani uliododa, na akaanza kusema kwamba homa hubaki ndani ya maiti, humrukia anayeigusa na anayeikaribia, isipokuwa aliyejifukiza kwa ubani fulani, na ubani huo, sifa ni za Mungu, yeye anao. Hapo watu wakaacha kuzika kama watu. Wanawake waliokuwa wakimsaidia Bi Tahiya, huyu akishika shuka, yule akimimina maji, wakapata kila mmoja udhuru. Muuza mikate akawa anamwekea mkate chini, aje auokote. Bi Tahiya akawa anaosha peke yake na kuwageuza maiti peke yake, mifupa yake yenyewe ikilia, na hakumpunguzia hata mmoja wao haki yake.

Siku moja Shakrani alimfuata mwenyewe. Alimwambia kwamba hataki aseme uongo, hasha. Ila watu wakimuuliza, atikise kichwa kidogo tu, na hatakosa chakula wala nguo. Na asipotaka, basi asishangae watu wakija kusema kwamba homa inatembea mjini kwa mikono yake.

Bi Tahiya alikuwa akianika shuka zake. Hakuacha.

"Nimekaa na wafu umri wangu wote," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyenitisha. Wewe uliye hai utaanzia wapi?"

Basi Shakrani akayasema aliyotishia, na mji ukamkimbia Bi Tahiya kabisa. Alisubiri. Subira yake haikuwa ya kukaa na kulia. Aliteka maji kisimani, akaswali, akatengeneza majani ya mkunazi na kafuri, akangoja kuitwa.

Ikapita muda, na mama yake Shakrani, Bi Lubaba, akafa asubuhi moja kitandani mwake. Shakrani akatuma wito kwa wanawake wa mtaa. Hakuja mtu. Akatuma kwa jamaa zake. Walikuja hadi njia panda, wakampa rambirambi kwa mbali, nguo puani, wakarudi. Mkewe alijifungia chumbani na watoto, moshi wa ubani ukitoka chini ya mlango. Ubani ulikuwa wa duka lao wenyewe. Jua likapanda. Mtu yule, ambaye neno lake moja barazani lilikuwa likiuhamisha mji mzima, hakupata mwanamke mmoja wa kumfumba mamaye macho.

Ndipo Bi Tahiya alipotokea, ubao wake kichwani. Hakuitwa, maana Shakrani aliona haya kumwita. Alitoa salamu, akauweka ubao kizingitini, akauliza maji yako wapi.

Maji hayakuwapo. Birika lilikuwa limeuzwa hadi chini. Mvua ilikuwa bado, na mle ndani yalibaki matope na vyura. Shakrani alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hatuwezi kufanya tayamamu?"

"Tayamamu ni ya asiyepata maji, mwanangu. Wewe kisima kiko hapo mbele yako, na kamba haijaoza."

"Kisima kile..." akaanza, akasita.

Watu walikuwa wamesimama milangoni mwao kando ya njia, nguo puani, masikio wazi. Bi Tahiya hakupandisha sauti, wala hakuiteremsha.

"Kisima kile kina nini? Kama kina sumu, simwoshi mama yako kwa sumu. Nitampaka vumbi, tumzike. Kama ni maji safi, kachote nimwoshe kama alivyooshwa mama yake. Mimi sijasema neno juu ya kisima, aliyesema ni wewe. Basi sema, maiti anangoja."

Shakrani akaitazama njia, imejaa wateja wake. Kisha akageuka akautazama mlango wa chumba, ambamo mama yake alilala hajaoshwa kwa neno lake yeye.

"Ni maji safi," akasema.

"Sikusikia," alisema Bi Tahiya, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Maji ya kisima ni safi," Shakrani akasema mbele ya watu wote. "Yalikuwa safi siku zote. Sikuona baka, wala sikuambiwa baka. Nilitunga."

Akachukua ndoo, akaenda kisimani kwa miguu yake, akateka. Koo lilikuwa limemkauka, na kabla hajatanabahi alikinga kiganja akanywa, kama alivyokuwa akinywa tangu utotoni. Mji mzima ulimwona akimeza.

Wa kwanza kuondoa nguo puani alikuwa Bi Suada.

"Na sinia langu?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alikunja mikono ya kanzu yake, akapita mbele ya Shakrani kama anayepita mbele ya nguzo, akaingia ndani kushika shuka. Akafuata mwingine na mtungi, na mwingine. Bi Lubaba akaoshwa kwa maji mengi yenye majani ya mkunazi, akatiwa kafuri, akakafiniwa, akaswaliwa na safu zilizojaa. Hakwenda kaburini na upungufu hata kidogo. Makosa ya mtoto hayalipwi na mama.

Sitasema Shakrani akawa walii. Alirudisha vyombo alivyoweza kurudisha, na birika akaliacha kwa punda na ng'ombe wa wasafiri. Matanga yalipokwisha alikwenda kwa Bi Tahiya, akakaa chini bila kukaribishwa. Kulikuwa na wanawake wengine hapo. Akamuuliza, na machozi yalikuwa yakimtoka, kama alimwona mama yake na nuru usoni, au vipi. Alitaka neno moja tu la kumpoza.

"Nilichokiona ni amana," alisema Bi Tahiya.

Hakuongeza. Wanawake wakatazamana, kwa kuwa walilijua neno lile. Ndilo walilopewa walipokwenda kuuliza mabaka, wakalibeba mbio kama habari mbaya. Sasa waliliona jinsi lilivyo, halina kijani wala nuru. Ni mlango uliofungwa vizuri, kwa masikini na kwa mama wa tajiri sawasawa. Shakrani alilia, kisha akainuka akambusu mkono.

Na siku yake Bi Tahiya ilipofika, aliyemwosha ni Bi Suada. Suada huyuhuyu, ambaye ukimpa siri asubuhi inakutangulia sokoni. Watu walimzunguka wakitaka kujua mja mwema kama yule alionekanaje juu ya ubao, alitabasamu, alinukia miski, nini. Suada akakausha mikono yake polepole.

"Nilichokiona ni amana," akasema, akaenda zake. Na mpaka anakufa hakuna aliyemtoa neno zaidi ya hilo.

Hao ndio wazee wetu, Mwenyezi Mungu awaridhie, na mwenye kutaka kujivuna na ajivune nao. Watisha watu hawajaisha duniani. Yuko anayekutisha kwa ngozi yako mwenyewe ili akuuzie mafuta, na yuko anayekutisha kwa jirani yako ili umfuate yeye. Kelele hawapigi, wanateremsha sauti, na shahidi wao siku zote ni mtu asiyeweza kujibu. Mungu atupe vifua vya kuvumilia na ndimi za kukiri. Na ninyi akiwajia mtu na hofu yake mkononi, mkaribisheni, mpeni kiti, kisha mwulizeni kwa utaratibu, mama yake atamwosha kwa maji gani.