Jina la Aliyefukuza Joto

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, ila kila mmoja aje na uamuzi wake, maana mimi wangu sina.

Palikuwa na ofisi ndogo ya wasanifu majengo katika mji mmoja wa nyanda kavu, ambako mchana hata mbuzi hukataa kutoka kivulini. Mkuu wake alikuwa Bi Nyamizi, mwanamke wa maneno machache, asiye na mtoto. Chini yake walikuwapo watatu. Kashindye alilijua jua. Milembe aliujua upepo. Sizya aliujua udongo. Wote walijua pia kubishana, na hilo hawakufundishwa na mtu.

Halmashauri ikawaagiza wachore wodi mpya ya wazazi. Ile ya zamani ilikuwa ya bati tupu, na feni zake zilizunguka jenereta ikitaka. Mwanamke mmoja wa mji ule, Kabula, alijifungulia humo siku jenereta ilipogoma, na joto likamuua mwanawe. Sasa alikuwa mjamzito tena, akaweka nadhiri mbele ya wakwe zake: mtoto akizaliwa salama katika wodi mpya, atapewa jina la mtu aliyelifukuza joto, liwe la kike au la kiume. Kwao nadhiri ya jina haivunjwi, na jina hutolewa kitovu kikidondoka.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alitaka vioo mbele yote, kama benki za mjini, na viyoyozi ndani. Bi Nyamizi akakataa.

"Umeme ukikatika, mwenyekiti, hivyo vioo ni chungu, na wazazi ndio mboga."

Akatishiwa kunyang'anywa kazi. Akajibu kwamba wanaotaka kupika watu wapo, wakapewe wao. Mwenyekiti akakubali shingo upande.

Ndipo Kashindye akasimika kijiti kiwanjani, akafuata kivuli chake tangu macheo hadi machweo. Akaligeuza jengo, kuta zake fupi zikatazama jua linakochomoza na linakotua, akarefusha paa hadi madirisha yakakaa kivulini.

Milembe akafunga vipande vya kanga mitini, akaangalia vinapepea kuelekea wapi. Akaweka madirisha ya chini upande unakotoka upepo, na matundu juu kabisa, ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe.

Sizya akachimba udongo wa palepale, akauonja kwa ulimi, watu wakacheka. Akauchanganya na saruji kidogo, akashindilia matofali. Kuta zikawa nene, joto la mchana likachoka kabla ya kufika ndani.

Kabula akajifungua adhuhuri moja, umeme umekatika. Mtoto wa kike. Mkunga akaagiza blanketi, na Kabula akalia kwa furaha, maana hakutegemea kusikia neno hilo mjini kwao.

Ugomvi ukaanza hapo: ni nani hasa aliyelifukuza joto? Milembe akafunga madirisha na matundu ya chumba kimoja, watu wakatoka wanahema. Kashindye akawapeleka kwenye stoo, ambayo fundi aliielekeza magharibi kwa kosa. Kuta nene, upepo upo, lakini jioni hakukaliki. Sizya akawaonyesha kibanda cha mlinzi: kivuli tele, upepo tele, kuta nyembamba za bati, na mlinzi amehamia nje na kiti chake. Kila mmoja alisema kweli, na ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe.

Wakaenda kwa Bi Nyamizi awaamulie. Sizya, aliyekuwa mkweli, akasema, "Dada, usingekataa vile vioo, sote tungechora vioo."

"Lakini yeye hakuchora hata mstari," akasema Milembe.

Kaka zake Bi Nyamizi, ambao wangeweza kumpa binti jina lake, walikwisha fariki, na hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Alilitaka lile jina. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka jengo lolote, na akaona aibu, kwa kuwa mwamuzi ndiye yeye.

Kabla hajaamua, Kabula akaingia, mtoto kifuani.

"Shikamoo mama. Kitovu kimedondoka leo asubuhi. Mwanangu nimwiteje?"

Bi Nyamizi akampokea mtoto. Alikuwa amelala, paji la uso kavu, bila tone la jasho. Watatu wakamtazama mkuu wao, naye akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo. Je, wewe ungekuwa umempakata mtoto yule, ungetamka jina la nani?