Chumba Kimoja Kisichopulizwa

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali hii ya juzijuzi ambapo watu walikuwa na mabomba ya kupulizia dawa na akili zilezile za babu zao, palikuwa na nchi ikiitwa Mgongwe. Nchi hiyo ilikuwa na mbu. Nikisema mbu, msifikiri mbu wa kupiga kofi. Mbu wa Mgongwe akikuimbia sikioni, unaanza kuusia watoto. Malaria ilikula wachanga, ikala wajawazito, ikala hata waganga waliokuwa wakiiganga.

Mfalme wao, Shaweji, akachoka kuzika. Akawaita watu watatu, akawafunga ubia. Wa kwanza Bwana Pandu, mwenye ghala la vyandarua. Wa pili Bwana Chande, fundi wa kupuliza dawa ukutani. Wa tatu Bi Leokadia, mpimaji, aliyeletwa na wahisani wa ng'ambo pamoja na masanduku ya vipimo. Yeye anakutoboa kidole, anachukua tone, anakwambia unayo au huna.

Mfalme akasema, "Miaka mitatu asiugue hata mtu mmoja kwa mbu wa hapa. Ikitimia, ulimwengu utaandika kuwa Mgongwe imeitokomeza malaria, nami nitapandisha bendera. Isipotimia, aliyeharibu nitampeleka kinamasi cha Vumbwe, kule mpakani, ambako mbu hawana habari za ubia. Atakaa mwaka mzima bila chandarua."

Wabia wakacheka. Wakaona mfalme hacheki, wakaacha.

Basi Pandu akagawa, Chande akapuliza, Leokadia akatoboa. Gawa, puliza, toboa. Na kila Jumatatu kikao: chai, vitumbua na maneno. Ukimuuliza Pandu habari za dawa, "Hiyo ya Chande." Ukimuuliza Chande habari za wagonjwa, "Hiyo ya Leokadia." Ukimuuliza Leokadia habari za vyandarua, "Hiyo ya Pandu." Hiyo ya huyu, hiyo ya yule, vitumbua vimekwisha, kikao kimefungwa.

Lakini tuseme kweli hata kama wana vitambi: homa ilipungua, ikapungua, ikaisha. Wakaanza kuhesabu. Mwaka wa kwanza, hakuna mgonjwa. Wa pili, hakuna. Wa tatu, zikabaki siku thelathini na nane.

Siku hiyo Kazija akajifungua mtoto wa kike. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi. Kwa hiyo Kazija alikuwa ameondoka kwa mumewe, Mcha, akaja kwa mama yake, Bi Mkasi. Chandarua chake akakiacha kwa mume.

Mbona hakukibeba? Mnauliza kama hamkulelewa na watu! Mwanamke akionekana njiani anarudi kwao na matandiko, hajafika hata nusu ya njia, mtaa mzima umeshamtaliki. Kazija alikwenda na kanga zake na heshima yake. Mcha naye, bwana wa nyumba asiyejua hata kutandika shuka, akakishusha kile chandarua, akafunikia vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Hakuugua kifaranga hata mmoja.

Bwana Pandu akapita kwa Bi Mkasi na daftari.

"Nipe chandarua cha mwanangu," Bi Mkasi akasema. "Changu panya wamekitoboa madirisha."

"Kazija kaandikwa kwa Mcha, mama. Chandarua chake kiko kwa Mcha."

"Kazija hayuko kwa Mcha."

"Daftarini yuko."

"Basi kalilaze daftari chini ya chandarua, lisije likaumwa!"

Pandu akaenda zake. Siku ya saba wakaja wageni kumwona mtoto, wengine kutoka ng'ambo ya mto, kwenye nchi ambayo homa haijafukuzwa. Wakala, wakabusu, wakaondoka. Damu yao mbu akabaki nayo.

Siku ya kumi na mbili akaja Bwana Chande, bomba mgongoni. "Hodi!"

"Puliza ukumbi," Bi Mkasi akamwambia. "Puliza jiko, puliza na kwangu. Humu hapana, mna mzazi."

"Mama, ni kazi ya dakika chache. Atoke tu na mtoto."

"Atoke aende wapi, na arobaini haijaisha? Mwanangu yuko kifua wazi ananyonyesha, wewe dume na bomba lako unaingia kutafuta nini? Lete mwanamke apulize."

"Wanawake ninao sita."

"Wako wapi?"

Chande akajikuna. "Wanatupikia."

"Basi kapike wewe leo."

Chande akapuliza vyumba vitatu, cha nne akakiacha. Akatia alama ya chaki mlangoni kwamba nyumba imepulizwa. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya nyumba, haikuwa na nafasi ya chumba.

Siku ya thelathini na sita, Jumanne alasiri, Kazija akaanza kutetemeka. Bi Leokadia akapita na mkoba wake.

"Mna mwenye joto hapa?"

"Mwanangu," Bi Mkasi akajibu. "Ni maziwa tu yamekaza. Nimemkanda."

Leokadia akachungulia, akamwona Kazija anavyotetemeka. Mkono ukaingia mkobani, ukakigusa kipimo. Kisha ukatoka mtupu.

"Basi nitarudi Ijumaa," akasema.

Bendera ilikuwa ipandishwe Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Kazija hakumjua mtoto wake. Alipowekewa kifuani alimsukuma kama paka wa jirani. Bi Mkasi hakuuliza mtu. Akamfunga mjukuu mgongoni, akampakia mwanawe kwenye mkokoteni, akasukuma mwenyewe mpaka uwanjani. Huyu huyu aliyemfukuza Chande, leo anamtembeza mzazi mbele ya nchi nzima, zimebaki siku mbili arobaini itimie!

Ngoma zikanyamaza. Mfalme alikuwa ameshika kamba ya bendera.

"Leokadia!" Bi Mkasi akapiga kelele. "Njoo utoboe!"

Akatoboa. Watu wakangoja. "Anayo," akasema, na sauti yake haikufika mbali, lakini ilimfika mfalme.

Kazija akapewa dawa palepale. Msihofu, alipona, Jumapili alikuwa anaulaumu uji. Lakini hesabu ya miaka mitatu ikarudi siku ya kwanza.

Mfalme akatetemeka kuliko mgonjwa. "Wewe mama! Ungengoja hata mpaka jioni!"

"Ningengoja, ungenipa nini? Sanda?"

"Wewe ndiye uliyefunga mlango. Utakwenda Vumbwe wewe."

Kazija akainua kichwa mkokotenini. "Baba Mfalme, mama akienda Vumbwe, mimi na mtoto huyu ni wa nani? Nipeleke mimi. Mimi ndiye niliyeacha chandarua kwa kuogopa midomo ya watu."

"Mnamsikia!" Pandu akadakia. "Cha kwake nilimpa. Nisingefuata daftari, watu wangechukua kumi kumi wakavulie dagaa."

"Uliambiwa hayupo kwa Mcha," Bi Mkasi akasema.

"Mimi ningepita mlango wa mzazi kwa nguvu," Chande akasema, "leo mngenizika."

"Na wale wanawake sita?" Bi Mkasi akauliza.

"Walikuwa jikoni."

"Mimi niliambiwa ni maziwa," Leokadia akasema.

"Nilisema nilichokijua, sikusomea," Bi Mkasi akamjibu. " Wewe umesomea, na mkono wako niliuona mkobani."

Leokadia akainamisha kichwa. "Niliogopa. Ningetoboa Jumanne, mngesema nimeileta mimi."

Bi Mkasi akamgeukia mfalme. "Mlango nilifunga, sikatai. Lakini ningenyamaza, mngepandisha kitambaa chenu, mkala pilau, na mimi nikazika. Na yule mbu angetoka chumbani mwangu akaja kwenu."

Mfalme akakuna ndevu. Alikuwa ameapa mbele ya watu, na mfalme akila kiapo hukitapika kwa shida. Mmoja lazima aondoke kabla jua halijatua.

Haya, na nyinyi mliokaa hapo mnatafuna, semeni. Msiniambie "wote", kibanda cha Vumbwe kina kitanda kimoja. Msiniambie mfalme, wafalme hawakosei, hupotoshwa tu. Wala msiniambie Mcha, yule hata mbu wangemrudisha. Aliyefuata daftari, aliyepuliza nyumba akaacha chumba, aliyerudisha kipimo mkobani, aliyeacha chandarua alinde jina lake, au aliyefunga mlango kisha akauvunja mwenyewe? Punda wa safari keshatandikwa. Je, apande nani?