Hakimu wa Lenzi

Chausiku, mpiga picha wa Pangani, alikuwa na lenzi moja ya mtumba na harusi moja ya kuwania. Bi Mwanahawa, mama wa bibi harusi, alikuwa karibu kumpa kazi, ndipo Nassoro, tajiri wa studio, akaingia na lenzi nene kama kinu.

"Hicho chako ni kitako cha chupa, binti! Utaharibu harusi ya watu."

"Basi tuzipime, Bwana Nassoro. Bi Mwanahawa awe hakimu. Wewe chagua saa, mimi nichague cha kupiga."

"Saa sita, juani! Yangu huhesabu hata vinyweleo."

"Ndiyo sifa yake. Basi tupige uso wa hakimu mwenyewe, karibu kabisa."

Nassoro alicheka hadi akashika mbavu.

Picha zikawekwa mezani. Ya Nassoro ilionyesha kila kunyanzi, kila chunusi, na mvi zilizoikimbia hina. Ya Chausiku ilikuwa na ukungu laini, na ndani yake alitabasamu mwanamke wa miaka thelathini.

Bi Mwanahawa alimrudishia Nassoro yake kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, lenzi yako mbovu. Imempiga picha bibi kizee nisiyemjua. Chausiku, njoo Ijumaa na hiyo hiyo, wala usiifute vumbi."