Kaimu wa Bwawa Huru

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na bwawa!

Bwawa la nani?

Hapo sasa. Kaeni vizuri.

Bwawa lilikuwa la Mamba. Aliyetaka kunywa aliomba, na mara nyingine aliyeomba aliliwa. Wanyama wakagoma, wakapiga kelele, wakamchosha, mpaka Mamba akajitosa mtoni, chubwi! Akarudi kwao. Bwawa likawa huru. Ngoma ikapigwa, tititi, tititi, vumbi mpaka kwenye maji.

Kulipokucha wakakutana kuunda serikali. Bibi Pimbi, mjane mdogo wa majabalini, alikaa mbele na wanawe wenye kiu. Mzee Ngiri, aliyeongoza kikao, akauliza, "Waziri wa Maji awe nani?"

"Mimi," akasema Kiboko. Akaingia bwawani, chubwiii! Nusu ya maji ikamwagika.

"Waziri wa Majani?"

"Mimi." Akang'oa majani, kwacha, kwacha.

"Waziri wa Ulinzi?"

"Mimi." Akapiga mwayo. Wote wakayaona meno. Hapakuwa na pingamizi.

Watoto wa Pimbi wakashuka kunywa.

"Maji ni mali ya wizara," Kiboko akawaambia. Wakarudi na ndimi kavu.

Bibi Pimbi akawatazama. Akaenda ukingoni, akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, niko kazini."

"Hongera kwa vyeo, baba. Nasikitika tu kile kinono anakwenda kupewa Kobe."

Masikio ya Kiboko yakachezacheza. "Kipi hicho?"

"Mambo ya Nje. Waziri wake anakwenda nchi za watu. Anapokewa kwa ngoma. Karamu asubuhi, karamu jioni. Lakini wewe umeshikwa na kazi, mwache Kobe aende."

"Kobe? Kwa miguu ile? Nakwenda mimi!"

"Na wizara zako, baba?"

"Zikaimu wewe!" Akasema kwa sauti, na kikao kizima kikasikia.

Kiboko akaondoka, gudu, gudu, gudu, akavuka kilima. Akafika kwa Tembo.

"Karamu iko wapi?"

Tembo wakalitazama lile tumbo, wakatazamana. "Iko nchi ya mbele, Mheshimiwa."

Gudu, gudu, gudu, akafika kwa Nyati.

"Karamu iko wapi?"

"Iko nchi ya mbele, Mheshimiwa. Ukikaza mwendo utaikuta ya moto."

Akakaza mwendo.

Huku bwawani watoto wa Pimbi walikunywa, gugu, gugu, mpaka matumbo yakawa ndi. Wanyama wote wakanywa. Bibi Pimbi akashusha pumzi, akajilaza ukingoni, mahali palepale pa Kiboko.

Mzee Ngiri akamsogelea. "Bibi, sasa tugawane zile wizara?"

"Zina mwenyewe, mzee wangu. Mimi nakaimu tu."

"Na asiporudi?"

"Hilo ni suala la Mambo ya Nje. Waziri wake hayupo."

Ngiri akainama, akanywa maji. Akaondoka. Bibi Pimbi anakaimu mpaka leo.

Funzo ni hili, wanangu: ni vibaya sana mkubwa mmoja kushika vyeo vyote. Vishikwe vyote na mdogo, tena kwa muda.

Ngano yangu imefika ukingoni. Anayetaka kuirefusha akaombe kibali kwa Kaimu.