Kichwa cha Chewa

Hadithi imepiga hodi, iitikieni!

Mwanatime alikwenda kuvua na mumewe Shee na watoto, akamwacha mama yake nyumbani mkekani. Kutwa nzima wakapata chewa mmoja tu. Walipomtoa ndoana, chewa akasema, "Mwanangu, nirudishe." Sauti ilikuwa ya mama!

"Jini huyo," akasema Shee. "Anajua sauti zote."

Walipompaa magamba: "Mwanangu, nirudishe." Walipomweka motoni pale ufukweni: "Mwanangu, nirudishe."

Lakini watoto walilia njaa. Wakamla, kichwa wakamwekea mama kikapuni, maana kichwa ni cha mkubwa.

Nyumbani, Mwanatime akaukuta mkeka umelowa maji ya chumvi. Mama hayupo. Ndani ya kikapu kichwa kikauliza, "Mmeshiba, wanangu?"

Hadithi inakomea hapo. Mwenye njaa leo, na ashukuru.