Jina la Mtoto wa Kabula

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzijuzi tu, mwanamke aitwaye Kabula alitoka Tabora kwenda kupumzika pwani. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya mbili kuharibika. Mumewe alibanwa na kazi, kwa hiyo alisindikizwa na wifi yake, Nyanjige. Mambo ya mawifi mnayajua: walipendana, lakini saa haikupita bila kuchokozana.

Asubuhi ya pili walikutana na Bi Kazija, mkulima wa mwani, akitoka shambani kwake baharini na gunia kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wageni nyie? Basi sikilizeni. Maji yakipwa hutoka kupitia ule mlango kwenye mwamba, tena hukokota. Tumechomeka fimbo yenye kitambaa chekundu, msiivuke. Na yakikuchukua, mwanangu, usishindane nayo. Mfa maji haachi kutapatapa, ndiyo maana hufa. Wewe lala chali, yaache yakupeleke. Yakilegea, kata ubavuni, sambamba na ufuo, usije pwani moja kwa moja."

Kisha akaenda zake kupika muhogo.

Sasa, kijijini pale alikuwako binti mmoja, Mize, hodari wa kuchokoa pweza. Asubuhi hiyohiyo fimbo yake ilivunjikia ndani ya tundu, na pweza yumo, mkubwa. Mize akatazama huku, akatazama kule, akaing'oa ile fimbo yenye kitambaa. "Nairudisha sasa hivi," alijiambia. Nanyi mnaijua sasa hivi ya mtu mwenye pweza tunduni!

Kabula na Nyanjige wakafika, wakatafuta kitambaa, wasikione. Maji yalipofika magotini, Kabula akasita.

"Wifi, mimi naishia hapa."

"Wewe Kabula! Hayo si maji ya kuoshea vyombo? Tumetoka Tabora kuja kulowesha magoti?"

Kabula akacheka, akaenda hatua tatu. Ya nne haikukanyaga kitu.

Maji yalimshika kiunoni yakaondoka naye. Akapiga mikono kuelekea pwani, akapiga, akapiga, na pwani ikazidi kwenda mbali. Akameza chumvi. Alimfikiria mtoto, na hofu ikamkaba kuliko maji. Ndipo maneno ya Bi Kazija yakamrudia: lala chali. Akalala chali, tumbo juu, analia huku anapumua.

Nyanjige alipiga ukunga, akaingia maji mpaka kifuani. Hapo akakumbuka kwamba hajui kuogelea. Wakizama wawili, nani atawaonyesha watu Kabula alipo? Akarudi, akapanda juu ya jiwe, akanyoosha kidole kwenye kichwa cha Kabula. Mawimbi yakamficha Kabula, kidole hakikushuka. Yakamfichua, kidole kipo palepale. Watu wakamsema: "Mwenzake anakufa, yeye kasimama!" Hakuwajibu wala hakuwageukia.

Mize alisikia ukunga, akaitazama fimbo mkononi, moyo ukampasuka. Akatupa fimbo na pweza wake, akanyakua dumu tupu la wakulima wa mwani, akajitosa. Huko chini kwenye mawimbi hakumwona Kabula hata kidogo. Kila mara aligeuka kutazama kidole cha Nyanjige, ndipo akajua pa kuelekea.

"Shika dumu, dada. Usinishike mimi!"

Wakayaachia maji yawapeleke mpaka yalipolegea, wakakata ubavuni, wakatokea mbali kwenye mchanga. Kabula alishika tumbo lake. Mtoto akapiga teke. Kabula akalia kwa sauti bila aibu.

"Akizaliwa wa kike," alisema, "ataitwa jina la aliyenirudisha."

Kwao jina si pambo. Yeye alizaliwa mvua ikinyesha, akaitwa Kabula. Wifi yake alizaliwa mwaka wa nzige, akaitwa Nyanjige.

Jioni wakala muhogo kwa Bi Kazija.

"Mimi sikulowa hata ukucha," alisema Bi Kazija, "lakini bila maneno yangu angekwisha kuzama kabla hajafikiwa na mtu."

Nyanjige alishindwa kushika kikombe, mkono umekufa ganzi. "Niliyemtia majini ni mimi, sikatai. Lakini bila kidole changu Mize angeogelea mpaka Bara Hindi."

Mize aliinamisha kichwa. "Fimbo niling'oa mimi. Msiniite jina."

"Lakini nani aliingia?" Kabula alimuuliza. "Waliokuwa pwani walikuwa wengi."

Bi Kazija akawaongezea muhogo.

Miezi minne ikapita. Mtoto akazaliwa Tabora, wa kike, mzima, mwenye sauti. Kabula amempakata. Nyanjige yuko pembeni ya kitanda, ananyoosha nepi ambazo zimekwisha kunyooka. Nesi ameshika kadi na kalamu.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Nafasi kwenye kadi ni ya jina moja. Haya, ninyi mliosikia yote, mnong'onezeni Kabula, nesi anangoja: Kazija, Nyanjige au Mize? Je, nani alistahili?