Sinia Tupu Mbele ya Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa bado wakiyasikia mashtaka ya watu kwa masikio yao wenyewe, palikuwa na Sultani Hashili wa mji wa Ngomani. Huyo aliweka ghala la wagonjwa: kila nyumba ilitoa mtama wakati wa mavuno, na matabibu wa mitaani wakapimiwa humo kwa kila mgonjwa waliyemtibu. Jambo jema, halina ubishi. Ila alitia sharti: ghala litalipia ugonjwa wa kuonekana au kushikika tu. Jipu, homa, mfupa uliovunjika. Mwenye huzuni na ajitibu.

Basi mjini humo aliishi Machano, msuka mikeka, fukara asiye na kitu ila ulimi. Dada yake, Mwanashehe, alifiwa na mwanawe, ikawa hali wala halali, hushinda akiutazama ukuta. Machano akampeleka kwa tabibu wa mtaa, Mzee Shaibu.

"Mwanangu," akasema Mzee Shaibu, "dawa yake ni kukaa naye nimsikilize, leo na kesho na keshokutwa. Naiweza. Lakini jipu napimiwa mtama, machozi sipimiwi hata konzi. Nami nina watoto."

"Kwa hiyo angekuwa na jipu?"

"Angekuwa amekwisha ingia ndani."

Machano akapandwa na hasira, akaenda moja kwa moja kwa Sultani, akamweleza bila kuzunguka.

Sultani akasema, "Huzuni ya dada yako siioni. Kesho niletee hapa niitazame kwa macho yangu, nalo ghala litalipa. Usipoileta, utasuka mikeka ya jumba hili zima bila ujira, kwa kunipotezea wakati."

Mawaziri wakacheka. Machano akainama. "Nimesikia, Maulana."

Kesho yake akaja na sinia kichwani, limefunikwa kwa kawa. Watu wakanyoosha shingo. Sultani akafunua mwenyewe.

"Mbona tupu?"

"Nimekuja kuchukua mfano, Maulana. Mama akikutuma sokoni kununua kitambaa usichokijua, hukupa kipande ukalinganishe. Mimi huzuni siijui umbo wala rangi, nachelea kukuletea isiyo yenyewe. Nasikia unayo moja humu ndani, tangu farasi wako mweupe alipokufa. Tabibu wa jumba huja kila alasiri mkazungumza, naye hupimiwa mtama katika ghala letu. Basi niwekee hiyo hapa siniani, nami nitakuletea ya dada yangu inayofanana nayo."

Waziri mkuu akatazama dari. Machano akaliinua sinia kidogo, kama mtu anayengoja kutiliwa wali.

"Haiwekwi siniani," Sultani akasema kwa sauti ya chini.

"Kwani haionekani, Maulana?"

"Haionekani."

"Na inauma?"

"Inauma. Sijalala vizuri tangu afe."

"Na yule alikuwa farasi," akasema Machano.

Sultani akainamisha kichwa, akasema, "Umenishika. Nitawajengea wenye huzuni nyumba yao, nje ya mji."

"Nani ataiendea, Maulana, na watu wanamtazama? Watasema Mwanashehe kapelekwa kwa wendawazimu. Mwache aingie mlango ule ule wa wenye kikohozi na majipu. Na tabibu atakayemwuliza mwenye jipu kama analala usiku, mpimie zaidi kidogo. Utaona watakavyojua kuuliza."

Ikaandikwa amri hivyo hivyo. Kisha Sultani akasema, "Nawe chagua farasi mmoja bandani mwangu, ni zawadi yako."

"Ahsante, Maulana, ila farasi sitaki. Akifa, tutagombania tabibu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, naye hakuwa amecheka tangu msiba wake.

Siku ya pili Mwanashehe akaingia kwa Mzee Shaibu, mlango ukarudishwa. Ikawa mwenye jipu ndiye anayengoja nje, akinung'unika, mazungumzo gani hayo yasiyokwisha. Machano akamtandikia mkeka.

"Keti, bwana," akamwambia. "Zamu yako ikifika, utaulizwa na wewe."